Mke wa Maji Yasiyo na Ukingo

Bei Dikla, kando ya Mfereji wa Mfalme
Tarehe nane Marheshvani, mwaka wa 560 kwa hesabu ya Wayunani

Kwa dada yangu Tavita, Tiberia.

Shikamoo dada. Amani iwe kwako, kwa nyumba yako na kwa wageni wote wanaolala humo. Sisi hatujambo. Macho ya mke wangu Imi yanamsumbua bado, ila anaona vya kutosha kuniambia kwamba ndevu zangu zimeingia mchuzi. Mitende mwaka huu imezaa mpaka makuti yameinama. Kaburi la mama nimelisafisha kabla ya sikukuu. Binti yangu mkubwa amejifungua mtoto wa kike, wamempa jina lako, na kwa kelele anazopiga naona jina limemfaa.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Unamkumbuka Nehilai, yule mpiga domo wa upande wa sokoni, aliyekuwa akiimba kwenye harusi za watu bila kualikwa? Mwaka juzi, wakati wa mafuriko, alipanda mto Frati na mashua ya vitunguu, ikapinduka huko juu. Watu wa vivuko walitembea kingo zote mbili wakaambulia kilemba chake tu. Mkewe, Komishi, yuko hapa, bado kijana, hana mtoto. Sheria unaijua tangu kwa baba: mtu akizama kwenye maji ambayo jicho halioni ukingo wake wote, mkewe haolewi, maana huenda mume aliibukia upande wa pili na yuko hai mahali. Basi Rabi Zevida amemruhusu Komishi aolewe na Ashyan, mwana wa dobi. Harusi wameiweka baada ya Pasaka. Hakuniuliza mimi ninayekalia kiti cha hukumu cha mji huu, wala hakuliuliza baraza.

Nikamwita. Nikamwambia, "Zevida, kilemba si mtu."

Akanijibu, "Na mwanamke si kilemba, Shizbi. Huwezi kumkunja ukamweka sandukuni."

Ndivyo anavyonijibu mbele za watu. Lakini nimejizuia. Nimeahidi mbele ya wazee wawili kwamba sitachukua hatua yoyote mpaka Pasaka ipite, na yeye ameahidi kwamba harusi haitafanyika kabla ya hapo. Misafara ya Tadmori, ile ya jangwani, hulala kwako. Nakuomba utege sikio. Ila kumbuka sharti: mtu wa mataifa, asiye Myahudi, akiulizwa, neno lake halifai. Akijisemea mwenyewe katika mazungumzo, bila kujua kwamba kuna anayelihitaji, linakubalika. Kwa hiyo usiulize. Sikiliza tu.

Wala usidhani nina jambo na Zevida. Wanafunzi wangu kadhaa wamevuka mfereji kwenda kusoma kwake, wanasema kule kuna upepo mzuri. Kwangu si kitu.

Mdogo wako,
Shizbi


Tiberia
Mwisho wa Kislevu, 560

Kwa mdogo wangu Shizbi, hakimu wa watu wa mfereji.

Marahaba. Amani kwako, kwa Imi na macho yake, na kwa huyo mtoto mwenye jina langu. Mwambie binti yako asimnyamazishe. Mimi nipo. Magoti yananiuma ngazi zikiwa zimelowa, na ngazi zangu zimelowa daima, kwa sababu nina mgeni mzee anayekwenda kuchemka kwenye chemchemi za moto asubuhi na jioni kisha ananidondoshea maji nyumba nzima. Mwanangu wa Tsipori ameoa. Mke mzuri, hajui kufuma.

Umenichekesha. Unamtaka Tavita akae na watu wa misafara, asiulize kitu! Marehemu mume wangu angeisikia hiyo angeanguka kwenye kiti. Lakini nitajitahidi.

Ila nikuulize wewe, maana wewe si mtu wa mataifa, nawe unaruhusiwa kuulizwa. Hili ni la sheria, au ni la Zevida? Zevida alikula mezani kwa mama miaka yote mliyosoma pamoja. Mlikuwa na joho moja nyinyi wawili; mmoja akitoka nalo, mwingine anabaki ndani anamngoja. Mama alikuwa akimpa yeye kichwa cha samaki, nawe ukanuna mpaka Sabato ikaisha. Nakumbuka mengine pia, lakini hayo ni yangu.

Nimeisoma barua yako mara ya pili. Zevida yumo kila mahali. Huyo Komishi analala wapi? Anakula kwa nani? Hukuniandikia.

Ahadi uliyoitoa mbele ya wazee, ishike.

Dada yako,
Tavita


Bei Dikla
Tarehe sita Shebati, 560

Kwa dada yangu Tavita.

Shikamoo. Amani iwe kwako. Hatujambo. Mvua imenyesha vizuri. Mfereji umejaa. Imi anakusalimu. Ng'ombe yule mweusi amezaa. Mjomba wetu wa Mahoza amepata nafuu ya kikohozi. Mtoto ameota jino.

Dada, nimemtenga Zevida.

Ilikuwa mwezi uliopita. Nilikuwa nafundisha, nyumba ya masomo imejaa hadi uani, na somo lilikuwa hilohilo la maji yasiyo na ukingo. Nilichagua somo hilo mwenyewe. Zevida alikuwa amevuka kuja kusikiliza, amekaa mstari wa mbele kama desturi yake. Akasimama kwa adabu zote, akasema, "Rabi atufundishe. Maji hayo mwisho wake uko wapi? Pale jicho la mtazamaji linapoishia, au pale huruma ya hakimu inapoishia?"

Watu wakacheka. Si wachache, dada. Walicheka wote, na waliokuwa uani wakauliza kasema nini, wakaambiwa, wakacheka tena. Nikasikia sauti yangu inasema, "Zevida na atengwe."

Mzee mmoja kati ya wale wawili akaninong'oneza, "Uliahidi mpaka Pasaka." Nikajifanya sikumsikia. Zevida hakubisha. Alivua viatu palepale, akajifunika kichwa kama mfiwa, akatoka kwa kupita pembeni ili asimguse mtu. Tangu siku hiyo anakaa chini kwenye kibaraza cha nyumba yake. Hakuna anayemkaribia ndani ya dhiraa nne isipokuwa mkewe na watoto. Wanafunzi wake humwekea mikate kwa mbali.

Na kwa kuwa aliyeruhusu ametengwa, ruhusa yake haina nguvu. Baba yake Ashyan ameisimamisha harusi. Ashyan mwenyewe amesema atangoja mpaka Pasaka, aone kama patatokea habari.

Utasema nilitenda kwa hasira. Sheria iko upande wangu, kila mwalimu atakuambia. Ukisikia neno kwa watu wa misafara, utaandika. Ikiwa hujasikia, si lazima uandike.

Shizbi


Tiberia
Tarehe ishirini Adari, 560

Kwa mdogo wangu Shizbi.

Marahaba, na amani kwenu. Barua yako imefika. Sikukuu ya Purimu imepita salama. Watu walikunywa, mgeni wangu mzee alicheza akateguka mguu, sasa nampelekea maji ya moto kitandani. Kitani mwaka huu ni kizuri, nimewafumia nyinyi kitambaa cha meza ya Sabato. Mke wa mwanangu ameanza kujifunza kufuma, anakata nyuzi kama mtu aliyetukanwa nazo.

Habari ya kutengwa kwa Zevida nimeisoma. Sina la kusema.

Kuhusu jambo lile, misafara ni michache msimu huu.

Mbusu mtoto.

Tavita


Bei Dikla
Tarehe mbili Iyari, 560

Kwa dada yangu Tavita.

Shikamoo dada, na amani. Kitambaa kimefika, Imi amekipapasa kwa vidole na kusema hajawahi kushika kilicho laini hivyo. Pasaka tumeila kwa afya. Barua yako ilikuwa fupi. Si kawaida yako, nami nimekaa nikijiuliza kama unaumwa au umenikasirikia.

Nina jambo ambalo siwezi kumwambia mtu wa hapa.

Siku moja baada ya sikukuu nilivuka mfereji kwa miguu, peke yangu, nimejifunika joho la kawaida. Nilitaka tu kumwona. Niliposogea nyuma ya uzio wa matete wa nyumba yake nikasikia farasi. Alikuwa afisa wa Mkuu wa Wahamishwa, yule anayetutawala sote kwa idhini ya mfalme, amekuja na askari wake. Nikabaki palepale nyuma ya matete, kama mwizi wa kuku.

Afisa akasema, "Bwana wangu amesikia. Anasema Shizbi ameota pembe. Sema neno moja tu, kesho kiti cha hukumu ni chako."

Nikamsikia Zevida anacheka. "Rudi nyuma kidogo, mheshimiwa. Mimi ni mtu niliyetengwa, na farasi wako ameingia ndani ya dhiraa nne."

"Sijaja kutaniwa. Unakubali?"

"Nikikubali leo kuwekwa na askari wenu, kesho mtamweka mwingine, na keshokutwa hapatakuwa na baraza, patakuwa na askari tu. Baraza likikosea, lijirekebishe lenyewe. Mwambie mkuu namshukuru."

Afisa alipoondoka, mwanafunzi mmoja, akiwa amesimama kwa mbali, akamfokea, "Basi mtenge na wewe, Rabi! Una elimu kama yake. Una haki."

Zevida akamwambia, "Nikimtenga, wewe utamsikiliza nani? Nusu ya mji haitasemeshana na nusu nyingine mpaka wajukuu wetu. Kaa chini, soma."

Nilirudi nyumbani. Kumfungulia ni neno moja la mdomo wangu. Kila asubuhi nakwenda nyumba ya masomo nikiwa nalo, na kila jioni narudi nalo. Nikilisema bila sababu, watasema nilimtenga bila sababu.

Ashyan alingoja kama alivyosema. Pasaka imepita, habari haikuja, na baba yake ameshamposea binti wa mtu wa mji wa Sura. Harusi ni baada ya Pentekoste.

Dada, kama kuna neno lolote, hata dogo, niandikie.

Shizbi


Tiberia
Tarehe kumi Sivani, 560

Kwa mdogo wangu Shizbi.

Amani kwako. Siumwi. Sisi wazima wote, nitakuandikia ya nyumbani siku nyingine.

Nehilai amekufa. Nimesikia kwa masikio yangu, na hivi ndivyo ilivyokuwa.

Alikuja kulala hapa mtu wa Tadmori anayeitwa Taimarsu, mwenye ngamia. Alikaa uani anashona tandiko, mimi na jirani yangu Shelamtsion tunachambua dengu. Mtu anayesema peke yake huyo, hahitaji kuitikiwa. Alilalamikia barabara, akalalamikia askari wa Rumi, kisha akasema, "Lakini safari ya mafuriko ndiyo ilikuwa na kichekesho. Tulimwokota Myahudi mmoja ametapikwa na mto, hana kilemba, anatetemeka, na bado anaimba! Anasema atatulipa nyimbo mpaka Tadmori, apate msafara wa kumrudisha kwao Bei Dikla."

Shelamtsion akafungua mdomo aulize nani. Nikamkanyaga mguu mpaka machozi yakamtoka. Mimi mwenyewe nilijaza dengu mbichi mdomoni, Shizbi, nikazing'ata, ili nisiulize.

Taimarsu akavuta uzi, akaendelea taratibu. "Nehilai, jina lake. Alituchekesha siku tatu. Halafu homa ikampanda, akawa anaimba na kulia pamoja, anamwita Komishi, Komishi. Akafa tulipofika kwenye kisima cha pili upande wa magharibi wa Dura. Nikamzika mwenyewe, nikampangia mawe ili fisi wasimfukue. Maskini. Bibi, dengu zenu mnazila mbichi huku?"

Kwa hiyo sheria yako ilikuwa kweli. Aliibukia upande wa pili, kama walimu wanavyohofia. Na Zevida alisema kweli pia, maana siku alipomruhusu Komishi, mume alikuwa amekwisha zikwa zaidi ya mwaka. Nimewapelekea maneno haya waamuzi wawili wa hapa, wametuhoji mimi na Shelamtsion kila mtu peke yake, na wametia mihuri yao hapa chini ya ushahidi huu.

Sasa sikiliza lile ambalo sikukuandikia mwezi wa Adari.

Taimarsu alilala hapa mwezi wa Shebati. Nilikuwa nimekwisha nunua wino. Kisha barua yako ikafika, na ndani yake umemtenga Zevida, na mwisho wake umeniambia si lazima niandike. Nikakuelewa. Wewe unajua nilikuelewa. Nikajiambia, habari hii ikifika sasa, mdogo wangu ataaibika mbele ya mji mzima, ataonekana alimtenga mwenzake juu ya maiti. Nikaandika habari za kitani.

Msafara ulioondoka hapa siku barua yako ilipofika ungekufikia kabla ya Pasaka. Ashyan alikuwa bado anangoja.

Unalia kwamba una neno moja mdomoni na huwezi kulisema. Mimi nilikuwa nalo pia. Yule mwanamke sijawahi kumwona, hajanikosea chochote, nami nimemkalia kwa sababu wewe ulikuwa mtoto niliyembeba mgongoni.

Usinijibu kwa kunifariji. Na usiniulize kama zamani zile nilimtaka Zevida. Hilo halihusiki hapa.

Tavita


Bei Dikla
Tarehe kumi na saba Avu, 560

Kwa dada yangu Tavita.

Shikamoo dada. Imi hajambo, mtoto anatambaa.

Barua yako ilinifikia siku ya soko. Niliisoma nimesimama mlangoni. Imi akaniuliza, "Nani kafa?" Nikamwambia Nehilai. Akasema, "Si alikufa zamani?"

Hakuna aliyejua kilichomo. Sitakuficha: nilikaa nayo mpaka Sabato ikapita, nami ni huyohuyo niliyekuwa nakuomba hata neno dogo. Siku ya kwanza ya juma nikaisoma mbele ya watu, sehemu ya Taimarsu na mihuri. Sehemu yako nimeibakiza kwangu. Kisha nikasema kwamba nilivunja ahadi niliyoitoa mbele ya wazee, na kwamba nilimtenga Rabi Zevida kwa ajili ya kicheko, si kwa ajili ya sheria. Safari hii hakuna aliyecheka, nami nilitamani wacheke. Nikasema amefunguliwa.

Niliwakataza wanafunzi kwenda kumwambia. Nilivuka mwenyewe. Nilimkuta kibarazani, amekonda, ndevu zimemfika kifuani. Nikaingia ndani ya zile dhiraa nne nikakaa chini karibu naye. Nikamwomba msamaha.

Akasema, "Lile swali langu lilikuwa na jeuri, Shizbi. Nililitunga tangu nyumbani, nikalifanyia mazoezi njiani. Nilitaka wacheke. Basi tulimalize hilo, wewe na mimi."

Nikamwambia kiti ni chake akikitaka, nitasimama mbele ya baraza niseme hivyo.

"Kaa na kiti chako. Mimi nilikuwa na kibaraza, nilikuwa na watu wa kuniletea mikate. Komishi nani kampelekea?"

Akaongeza mwenyewe, "Hata mimi sikwenda. Nilimruhusu, hoja ikawa nzuri, nikalala usingizi mtamu. Sijui hata anaishi wapi."

Wewe uliniuliza hilo mwezi wa Kislevu.

Tuliulizia, tukaambiwa yuko nyuma ya soko, kwa mwanamke wa Kiajemi anayepika pombe ya tende. Zevida alikuwa bado dhaifu, akanitanguliza. Nilimkuta Komishi anaosha mitungi, mikono myeusi hadi viwikoni. Aliponiona alisimama, akajifunika nywele.

"Kuna nini tena, Rabi? Siolewi, nimesikia. Ashyan ameshaoa. Nani mwingine amekatazwa nini?"

Nikamwambia, "Nimekuja na habari za Nehilai. Amefariki."

Nilidhani atauliza kama sasa yuko huru. Nilikuwa nimeliandaa jibu, hata maneno ya hati ya ruhusa nilikuwa nimeyapanga kichwani. Hakuuliza. Alisema tu, "Wapi?"

Nikamwambia kisima cha pili, magharibi ya Dura. Nikamwambia kuhusu mawe na fisi. Akauliza kama alikuwa peke yake. Nikasema hapana, alikuwa na watu aliokuwa akiwachekesha. Nikamwambia pia kwamba alikuwa anaita jina lake.

Dada, tumebishana juu ya huyu mtu mwaka mzima, mimi na Zevida na wanafunzi wa pande zote mbili za mfereji. Tumetaja maji, kingo, kilemba, mashahidi. Hakuna aliyewahi kumwambia mwanamke huyu pole. Wala yeye hakuwahi kukaa matanga, maana mimi ndiye niliyesema kwamba mumewe huenda yuko hai.

Unajua sheria: habari ya kifo ikichelewa kufika hadi mwezi umeshapita, matanga yake ni saa moja tu. Nikamwambia hivyo. Niliona haya hata kulitamka. Akasema, "Saa moja?" Akavua viatu, akakaa chini pale penye tope, katikati ya mitungi.

Nikakaa mimi pia. Mwenye nyumba akatoka na kijiko chake akitaka kufoka, akaona, akarudi ndani. Baadaye kidogo Zevida akafika, anatembea kwa kushika ukuta, akakaa upande wake wa pili.

Mfariji hana ruhusa ya kusema mpaka mfiwa aseme kwanza. Kwa hiyo tulingoja. Mimi nilikuwa na mengi, na najua Zevida alikuwa na mengi, maana nilimwona mara mbili anafungua mdomo na kuufunga. Komishi hakusema. Hakulia kwa sauti. Alikuwa anaangalia mikono yake. Mara moja alifungua mdomo, nikainua kichwa, lakini alivuta pumzi tu. Saa ikaenda, ikaisha, na hakuwa amesema neno lolote. Nasi hatukusema.

Akavaa viatu, akarudi kwenye mitungi. Zevida alisimama kwanza, akaninyooshea mkono, nikaushika nikainuka. Komishi hakugeuka kututazama.

Hati ya ruhusa nimeiandika na kuipeleka kwake. Hajaja kusema kama ameipata.

Mdogo wako,
Shizbi